Kaka anasema naianika familia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 31, mzaliwa wa Ukerewe. Naishi Nyegezi hapa Mwanza na mume wangu na watoto wawili, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sijawahi kumwandikia mtu yeyote jambo la ndani, kwa hiyo nikikosea utaratibu unisamehe.

Mama yetu alifariki mwaka jana mwezi wa nane, kwa presha. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, miaka zaidi ya 20. Baba alituacha tukiwa wadogo, akaenda machimboni Geita na hakurudi. Mama akatulea watatu peke yake: kaka mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume.

Tulimzika nyumbani Ukerewe. Kaka akasoma wasifu wa marehemu. Unaujua ulivyo, Shangazi. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, alijaliwa watoto watatu na wajukuu watano, alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu, mwenye upendo kwa wote. Watu wakalia. Mimi machozi hayakutoka. Nilisimama pale najiuliza huyu mama mpole ni nani. Mama yangu hakuwa mpole. Aliwahi kunichapa kwa mwiko wa ugali mpaka ukakatika, kwa sababu nilipoteza shilingi elfu mbili za mteja. Akigombana na wachukuzi pale Mwaloni, wanaume wazima walikuwa wanabadilisha njia. Kuniambia ananipenda, sikumbuki. Siku naondoka kwenda chuo Dodoma mwaka 2014 hata stendi hakunisindikiza. Alikuwa anageuza dagaa, akasema bila kuinua kichwa: "Nenda, gari litakuacha."

Lakini ni huyo huyo ambaye kila Jumapili alfajiri alikuwa anakaa uani na beseni, anajisugua mikono kwa ndimu na majivu, vidole kimoja kimoja mpaka chini ya kucha, ili atakayekaa naye benchi moja kanisani asisikie harufu ya dagaa. Hilo kwenye wasifu halikuwemo.

Usiku wa mazishi sikulala. Nikaanza kuandika kwenye simu. Nikaendelea karibu wiki mbili, watoto wakishalala, baadaye nikanakili kwenye daftari. Zimetoka kurasa nane, nimekutumia picha zake zote. Kilio kilichonikatalia kaburini kilikuja pale. Unaruhusiwa kunukuu chochote, ila majina usitaje.

Mwezi ujao tunatimiza mwaka. Kutakuwa na misa ya kumbukumbu na tutaweka msalaba wa saruji. Nikamwambia kaka natamani nisome nilichoandika. Akasema nimtumie aone. Siku mbili kimya. Ya tatu akapiga anafoka: "Unaianika familia. Mama kapumzika, wewe unamfufua ili umseme." Baba mdogo naye akaniita, akaniambia kwa upole kwamba marehemu hasemwi na ya nyumbani yaishie nyumbani. Mume wangu anasema niandike nitakavyo lakini nisisome, maana watu wa kijijini wataondoka na neno moja tu: mwiko.

Nikiri pia kwamba kuna ukurasa mzima unaomhusu kaka. Mama aliuza kiwanja chake cha Kisesa kulipa deni la kaka. Kaka alicheza kamari ya mpira kwa hela za mzigo wa watu. Hilo limo, na ni kweli tupu.

Shangazi, kuandika mambo ya namna hii kuna faida yoyote, au najitafutia ubaya na ndugu zangu? Na nisome au nisisome?

Mwanao, Nyegezi.

Nimesahau. Tulipokuwa tunakusanya vitu vyake tulikuta kaunta buku lake la madeni, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kufuatilia wadaiwa. Katikati ya madeni kaandika mambo yasiyo ya biashara. "Mama wa Igombe debe 2, kalipa nusu." Chini yake: "Mvua. Gunia 3 za kuku." Kwingine: "Mbalamwezi. Hakuna mzigo. Mguu unauma." Na mahali pamoja: "Mtoto kaenda. Sikula." Nilicheka kidogo, nikaendelea kutafuta wadaiwa.

* * *

Marahaba mwanangu, na pole. Watu hupewa pole wiki ya kwanza, halafu wanaachiwa miezi kumi na moja bila pole yoyote, kwa hiyo pokea na hii.

Kabla sijaanza: mahali kiwanja kilipo nimepabadilisha hapo juu, na deni la kaka yako halikuwa la kamari ya mpira. Nimeweka jingine. Mwaka wa chuo nao nimeusogeza. Nimefanya hivyo bila kukuuliza na utaona sababu mbele.

Nimezisoma kurasa zako mara mbili. Mara ya pili kwa sauti, jikoni, nimefunga mlango.

Swali la faida umeshalijibu mwenyewe ulipotaja kilio. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio dogo. Waliwachukua wanafunzi wa chuo, wakawaambia waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito. Wengine waliandika jambo lililowahi kuwaumiza, na kati yao wapo walioandika tukio pamoja na walivyojisikia moyoni. Hao wa mwisho, katika miezi iliyofuata, walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wale wa mambo ya kawaida. Tangu hapo jaribio limerudiwa mara nyingi sana, na manufaa yanaonekana kwa wengine na kwa wengine hayaonekani. Kwa wastani ni madogo. Si dawa ya presha, nisije nikalaumiwa. Ila kuna mambo mawili pale ambayo watu huyaruka. Siku zenyewe za kuandika, walioandika machungu waliinuka mezani wakiwa na huzuni kuliko walivyoketi. Na hakuna aliyetakiwa kuyasoma mbele ya ndugu zake, msalabani, siku ya misa.

Kwa hiyo una maswali mawili uliyoyafunga kwenye furushi moja. Kuandika umeshaandika, na hakuna wa kukunyang'anya. Kusoma ni jambo la watu wengine pia.

Sasa tuziangalie kurasa zenyewe, maana huko ndiko nina maneno mengi.

Nilipokuwa msichana, Igogo, nilikuwa nawaandikia barua kina mama wasiojua kusoma. Nilikuwa nalipwa maandazi. Kila barua ilianza vilevile: madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nami. Mama anatamka, mimi naandika, ukurasa unajaa, hatujasema kitu. Nikishaanza kuikunja karatasi ndipo ananishika mkono: "Ngoja. Mwambie mtoto kaota jino." Au, "Mwambie ile baiskeli nimeiuza, asinigombeze." Barua yenyewe ilikuwa hapo, kwenye pembe iliyobaki. Nikazoea kuacha nafasi chini.

Na wewe umefanya kama wale kina mama, mara mbili.

Mara ya kwanza ni ukurasa wa saba, mstari wa chini kabisa. Umeandika: "Jioni ile alipiga mara tatu. Nililaza simu kifudifudi nikijua ni hela za kikoba. Asubuhi akapiga jirani." Basi. Ukurasa wa nane unaanza na habari za jeneza.

Mwanangu, kurasa sita nzima unamshtaki mama yako. Nimehesabu neno "mkali", limekuja mara kumi na moja. Kila shtaka ni la kweli, sina shaka. Lakini nilipokuwa nasoma nilikuwa nimekaa mbali kidogo, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya pili. Nilipofika kwenye simu iliyolazwa kifudifudi nilikaa chini. Pale ndipo na wewe unaonekana, na unaonekana vibaya, na hukujitetea. Ukiandika upya, anzia hapo. Sisemi ujichape. Hukujua ni simu ya mwisho, nani anajua? Nasema msomaji akishakuona umesimama pale na simu yako, mwiko ataupokea kwa namna nyingine kabisa. Hatadhani unalipiza.

Mwiko usiutoe. Umekatikia mwilini mwako, ni wako. Lakini umeuacha nusu. Ulikatika, halafu? Jioni ile ugali ulisongwa na nini? Nani aliusonga? Mlikula? Nakuuliza kwa sababu nawajua wanawake wa Mwaloni. Shilingi elfu mbili ya mteja kwa mtu anayechukua mzigo kwa mkopo si elfu mbili, ni jina lake kwa mwenye mtumbwi. Huenda alisonga kwa kipande kilichobaki na wala hakusema kitu. Huenda alikutuma kwa jirani kuazima. Wewe ulikuwepo. Kumbuka, kisha andika hicho ulichokiona, na "mkali" zote kumi na moja unaweza kuzifuta bila mtu kugundua.

Beseni la ndimu na majivu liache lilivyo. Usiongeze neno.

Mara ya pili uliyofanya kama wale kina mama ni hii barua yako. Umeshasaini, ndipo unakumbuka kaunta buku. Nenda kalifungue uangalie tarehe. Nahisi naijua hata kabla hujafungua, ila fungua. "Mtoto kaenda. Sikula." Kama ni siku ile ya basi la Dodoma, basi yule aliyekuwa anageuza dagaa bila kuinua kichwa alikuwa na sababu ya kutoinua kichwa. Alirudi nyumbani, akashindwa kula, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Akaandika kwenye kitabu anachoandikia mambo yasiyotakiwa kusahaulika, kati ya debe la huyu na gunia la yule. Kurasa zako nane ni nzuri na zitakuwa nzuri zaidi, lakini mwandishi wa kwanza kwenye familia yenu si wewe.

Wala kwenu kisiwani si jambo geni. Aniceti Kitereza ni mtu wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya mume na mke waliohangaika kupata mtoto, na masimango waliyoyapata kwa ukoo. Yeye mwenyewe na mkewe hawakujaliwa kubaki na mtoto. Aliitafsiri kwa Kiswahili kwa mkono wake, ikachapishwa 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 alitembea na maumivu yale yakiwa yameandikwa na hayajasomwa na watu. Mtu akikwambia Waafrika hatuandiki ya ndani, mwelekeze kwenye meli ya Nansio.

Haya, kaka yako.

Ukurasa wake utoe. Sikwambii upunguze makali au uandike "mmoja wetu", maana mko watatu na kijiji kizima kitamaliza hesabu kabla hujageuza ukurasa. Utoe wote. Ni kweli, lakini ni habari yake, na aibu yake, na pengine usiku wake wa kutolala. Siku akitaka kuisema ataisema yeye, kama wewe ulivyosema ya simu. Ndiyo maana hapo juu nimeibadilisha. Nikuulize pia, na ujijibu bila kuniandikia: ukurasa ule ulimwandikia mama, au ulimwandikia kaka? Mwandiko wake hata kwenye picha ni tofauti, umekandamiza kalamu.

Kasema unaianika familia. Mtoto wa mwanamke wa dagaa hilo neno lisikutishe, ila lisikilize. Mama yako kabla ya kuanika alitazama wingu kwanza. Akachambua, akatandaza nyembamba kwenye chanja, akageuza kwa wakati. Aliyemwaga lundo na kuondoka, jioni alikuwa anauza chakula cha kuku. Wewe umemtumia kaka yako kurasa nane kwa simu, bila maneno, naye akakutana na deni lake ukurasa wa tano akiwa kazini. Hapo hukuanika, ulimwaga.

Na wasifu wake usiudharau. Mzaliwa wa kwanza anapewa karatasi na usiku mmoja, jeneza liko sebuleni, wakwe wako nje. Ule si mahali pa kumwelezea mtu alivyokuwa. Ni wa kuwaambia watu anatoka ukoo gani, kaacha nani, na anayemdai au anayedaiwa amwone nani. Una kazi yake na aliifanya. Kosa ni kudhani umemaliza yote. Baba mdogo naye ana haki yake: marehemu hawezi kujibu, kwa hiyo mwenye kumwandika ana wajibu wa kumwachia nafasi ya kujibu. Bahati yako mama yako kaacha majibu kwa mwandiko wake.

Fanya hivi. Nenda kwa kaka yako, panda daladala uende, usipige simu. Daftari lako liache nyumbani. Beba kaunta buku. Salimia, kaa, kunywa chai. Mwambie kwanza habari ya zile simu tatu, maana ukurasa wa saba nadhani hakuufikia, aliishia kwenye jina lake. Kisha mwonyeshe mistari ya mama, muisome wote wawili, mdogo wenu akiwepo ni vizuri zaidi. Huenda na yeye akaona tarehe yake humo. Ya kiwanja mwombe radhi, mwambie umeutoa ule ukurasa. Usitoe sharti.

Akikubali, soma kurasa zako mpya usiku wa kuamkia misa, nyumbani, watu wakishakula, mkiwa ninyi watatu na ndugu za mama waliomjua hasira zake. Hao mwiko hautawashangaza, wengine watacheka. Mbele ya kijiji, pale msalabani, mume wako yuko sahihi, watu wataondoka na mwiko. Pale soma mistari ya kaunta buku peke yake, isiyo na majina ya wadaiwa. Mitano au sita inatosha. Mvua, mbalamwezi, mguu unauma, mtoto kaenda. Dakika mbili.

Akikataa, nyamaza. Ni mama yake pia, na siku hiyo ni ya wote. Kurasa zitakusubiri, zimeshafanya kazi kubwa uliyozipa. Na kama ukiandika tena ukajikuta usiku unapita bila usingizi, wiki ya pili, ya tatu, weka kalamu chini utafute mtu wa kuongea naye uso kwa uso, awe padri, awe mhudumu wa afya ya akili hospitalini, awe mimi.

Kaunta buku likisafiri kwenda Ukerewe lifunge vizuri, upepo wa ziwani ukipiga maji huingia mpaka kwenye begi. Na yule mama wa Igombe aliyelipa nusu ya debe mbili, mpigie kabla ya misa. Yule mama mpole wa kwenye wasifu angemsamehe. Huyu wa kwako hasamehi.

Shangazi.